Yai la Fancy Katikati ya Chai

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Fancy Chemutai anachuma chai kwenye shamba la familia karibu na Kapsoit. Majani mawili na kichipukizi, anatupa kikapuni mgongoni. Tumbo la miezi saba linafika kwenye kila kichaka kabla yake.

Mama mkwe wake, Bot Kipkosgei, yaani mama yake Kipkosgei, anakuja katikati ya mistari na yai la kuchemsha ndani ya leso.

“Mama Aron, kula nikiona.”

“Mama, nimekula nyumbani.”

“Hilo lilikuwa la nyumbani. Hili ni la shambani.”

Fancy anakula. Mama mkwe hasogei mpaka ameze.

Mwezi mmoja uliopita, bibi huyu angemnyang’anya. Huku mjamzito hukatazwa mayai, eti mtoto atanenepa ashindwe kutoka. Mimba ya kwanza Fancy alitii, akala ugali na sukuma wiki, huku akibeba chai mpaka kituo cha kupimia majani. Siku moja akaanguka njiani. Aron akazaliwa na kilo mbili kasoro.

“Alikuwa kama paka aliyenyeshewa,” anasema Fancy, mwenye miaka ishirini na sita. “Nikaapa mwingine hatazaliwa hivyo.”

Safari hii akaanza kula mayai kwa siri hapa hapa shambani na kufukia maganda chini ya chai. Hakumhesabu mbwa. Mbwa aliyafukua, akayapeleka mpaka mlangoni kwa Bot Kipkosgei kama zawadi.

Bibi hakugomba. Alivaa viatu vya kanisa, akamshika mkaza mwana mkono mpaka kliniki, akamshtaki kwa muuguzi Beldina Mosoti.

Muuguzi alisikiliza mashtaka yote, kisha akaeleza. “Mama akishika mimba, mwili unakuwa bahili hata kabla ya tumbo kuonekana. Protini hauitupi ovyo, unaiwekea mtoto. Miezi ya mwisho mama anachoma mafuta yake mwenyewe, sukari aachiwe mtoto. Na huyu wako bado anabeba kikapu. Asipokula mayai, maharagwe, maziwa, mwili utatoa nyama kwenye mikono yake.”

Bot Kipkosgei aliutazama mkono wa Fancy, akaukamata, akaupima kwa vidole.

“Kumbe huyo mtoto anamla mke wa mwanangu?” akauliza. “Basi ale kuku wangu.”

Tangu siku hiyo kuku wake hawauzwi sokoni, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, hakikosi kwa Fancy. Hata kikapu amepunguziwa: akichuma kilo kumi, mume wake Kipkosgei ndiye anabeba, na majirani wamecheka mpaka wamechoka.

Kipimo cha wiki jana kilionyesha mtoto anakua vizuri. Fancy anataka azaliwe na kilo tatu, na yeye mwenyewe arudi nyumbani kwa miguu yake.

“Akifika salama,” anasema huku akipangusa mdomo, mama mkwe akiwa ameshapinda kona, “sitaki kuona yai mpaka aanze shule.”