Salamu za Kwenye Mafunjo

Nchi kavu mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Ungeweza kupika, ukapakua, ukaosha na vyombo, naye asiwe amesema lolote zaidi ya "lete maji". Lakini mweke kwenye mtumbwi, akutane na mtumbwi mwingine, hapo ndipo ulimi ulipomfunguka. Baba yake, mfugaji wa Kemambo aliyeuogopa mto kama ukoma, alikuwa akisema kwamba katika wanawe wote mmoja alizaliwa samaki.

Mto niliujua kwa ajili yake. Miaka ile ya hamsini, kabla hatujapata mtoto, tulikuwa tukipakia magunia ya wimbi na kuteremka na Mto Mara hadi pale unapopotea ndani ya mafunjo kuelekea ziwani, kisha tunarudi na samaki wakavu na chumvi. Njia za humo ndani zilikuwa nyembamba. Mitumbwi miwili haikupishana mpaka mmoja ujisukume kwenye mafunjo. Na desturi ya watu wa majini ilikuwa moja, uwe Mkuria, Mjaluo au Msimbiti: mkikutana mnashikiana kingo za mitumbwi, mnatulia, mnasalimiana mpaka salamu ziishe. Maji yakoje? Kiboko amelala wapi? Mvua? Ng'ombe? Watoto? Mimi nilikaa nyuma nikisonya. Siku moja nilimwambia kwamba kwa salamu zake hizo samaki wakavu watafufuka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu.

"Mwenyeji hapa nani? Kiboko?"

Akacheka, akaendelea kusalimia.

Kisha nikajifungua mtoto wa kiume, na baada ya wiki chache nikashikwa na homa iliyonikausha maziwa yote. Tulikuwa na ng'ombe zizi zima, lakini maziwa yao mtoto aliyatapika. Mke wa shemeji yangu, ambaye angeweza kumnyonyesha, alikuwa mjamzito, na kwetu maziwa ya mwenye mimba yalihesabiwa sumu. Tukasikia kwamba zahanati ya misheni karibu na ziwa inatoa maziwa ya kopo kwa watoto wachanga. Masika yalikuwa yameharibu barabara, kwa hiyo tukashika mto. Mtoto alikuwa amefika mahali pa kulia bila sauti. Anafungua mdomo, uso unakunjamana, lakini husikii kitu. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani.

Ndani ya mafunjo tukakutana na mtumbwi unaopanda, mume na mke, Wajaluo. Walikuwa na mkeka, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Nikajua kwamba leo mume wangu atapita tu. Wapi! Akashika ukingo wa mtumbwi wao.

"Maji yako namna gani huko mbele?"

"Mkono wa kushoto mafunjo imeziba. Nyinyi pitia kulia."

"Na mvua?"

"Iko mingi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," yule mwanamume akajibu, akitazama maji. "Na nyinyi, watoto wako sawa?"

Mume wangu alikwisha fungua mdomo kujibu hawajambo, maana ndivyo inavyojibiwa. Nikamkatiza.

"Hawajambo nini! Mtoto wangu anakufa na njaa hapa, sina tone la maziwa, na nyinyi mnaulizana habari za mvua!"

Yule mwanamke akaweka kasia lake chini.

"Lete nyathi," akasema, kisha akarudia ili nielewe. "Lete mtoto, mama."

Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Nilidhani ni mvua. Mama mkwe alikuwa ameniusia nisimpe mtoto mtu wa ukoo mwingine, sembuse wa kabila jingine. Nilimpa. Mwanzoni mtoto hakujua la kufanya, ziwa likamtoka mdomoni, yule mama akalirudisha kwa kidole, taratibu, mpaka akashika. Niliposikia anameza nililia kwa sauti, bila haya.

Nilipotulia nikachungulia mtumbwini mwao nimtafute mtoto wake. Kulikuwa na mkeka na kuku tu.

"Wako yuko wapi?"

"Tumemzika huko kwa mama yangu," akasema. "Tunarudi nyumbani."

Mume wake, yule aliyejibu hawajambo, aliugeuza mtumbwi wake ukaelekea ziwani, bila kuombwa, akatutangulia kwenye njia ya kulia. Mkewe alihamia kwetu, akamnyonyesha mtoto njia nzima.

Tulipofika ufukweni kwenye zahanati alinifunga mtoto mgongoni yeye mwenyewe. Sikuwa na cha kumpa, nikaona angalau ajue alimwokoa nani.

"Anaitwa—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Usinitajie," akasema. "Nikilijua jina, nitakuwa namwita."

Mtoto alipona. Yule mama hatukukutana naye tena, ingawa mume wangu aliuliza kila mtumbwi. Mimi nami niliacha kusonya. Miaka yote iliyofuata, nilipoteremka mto, mimi ndiye niliyetangulia kushika ukingo wa mtumbwi wa wenzangu, nikauliza maji, mvua, ng'ombe. Na nilipofika kwenye watoto, nikajibiwa hawajambo, sikuachia mtumbwi upesi. Nilimtazama mama machoni, nikasubiri.