Hiyo "Nzuri" Yako Itakuua

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, nikiwa katika wodi hii hii hapa Thika, kitanda kile cha dirishani. Ngoja kwanza nikae, miguu yangu siku hizi haitaki kusimama. Nilikuwa wa umri wako, nina saratani ya damu kama wewe, na zile dawa kali zilikuwa zimeshanimaliza nywele na nguvu.

Nilianza kutetemeka. Nikajiambia ni baridi ya Julai tu, nani haijui? Nikavuta blanketi la pili. Nesi akapita, akaniuliza, "Habari ya asubuhi?" Nikamjibu, "Nzuri, sista." Ndivyo nilivyolelewa kwetu Kalimoni: mtu akikujulia hali unasema nzuri kwanza, hata kama unaumwa. Tena nilimwonea huruma, maskini, wodi nzima ilikuwa yake peke yake.

Kitanda cha pili alilala Cucu Wambui, bibi mzee wa Ruiru ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Aliona ninavyohema. Akanishika mkono, akaukuta baridi, na huku uso unawaka. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia mama anakuja kunichukua shuleni.

"Haiya! Sista, kuja! Huyu mtoto anatuponyoka!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, hiyo nzuri yako ni ya nini? Unataka kufa na adabu zako?"

Mengine niliambiwa baadaye. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, na damu yenyewe haikuwa na nguvu ya kupigana. Presha ilishuka vibaya. Wakanitundikia dripu na dawa za sindano hapo hapo, na daktari akasema ningengoja, wageni wa saa saba wangenikuta nimeenda.

Cucu mwenyewe ugonjwa wake ulimshinda, hakurudi Ruiru. Bado namlilia. Nimechoka, mwanangu. Kila nikija kliniki napanda huku juu kukaa na wagonjwa, na wengine tumewazika, watu wapole kabisa, wakisema niko sawa mpaka mwisho.

Kwa hivyo nisikie. Ukishikwa na baridi ya kutetemesha, au homa hata kidogo, sema hapo hapo. Moyo ukienda mbio, pumzi ikiwa fupi, mkojo ukipungua, pia sema. Usingoje daktari apite. Sista msumbue tu, hata akinuna, atanuna akiwa na wewe hai. Na mama yako akisikia unaongea mambo yasiyoeleweka, asidhani ni usingizi, aite watu.

Mungu akulinde, akurudishe Juja umalize masomo yako, uzeeke mpaka miguu ikukatae kama hii yangu. Haya, lete mkono niushike. Habari yako, mwanangu?

Hapana. Usiniambie nzuri. Niambie ukweli.