Paka Aliyempanda Shangazi

Nilipokuwa mtoto tukikaa Makongeni, siku paka wetu alipomlalia shangazi tumboni tulikuwa wanne nyumbani: mama yangu, Shangazi Nafula, jirani yetu Mama Njeri, na mimi, Nekesa, niliyekuwa darasa la tatu. Baba alikuwa kazini.

Paka huyo tulimwita Simba. Ukikaa tu, alikupanda mguuni hadi pajani, akakukanda kwa nyayo kama mtu anayekanda unga wa chapati, huku akikoroma. Shangazi, dada yake baba, alikuja Nairobi kujifungua karibu na hospitali, maana watoto wake wawili wa kwanza hawakuishi. Siku hiyo Simba alimpanda akajilaza juu ya mimba. Shangazi hakumsukuma. Mkono wake ulibaki hewani.

Mama Njeri akaweka kikombe chini. "Mama Nekesa, mtoe huyo! Paka akilalia mimba anavuta pumzi ya mtoto."

"Hayo ni ya kwenu," mama akacheka.

"Ya kwetu? Kwani paka anajua kabila?"

Shangazi hakucheka. "Wifi, sitaweza kulala humu na yeye. Wawili nimeshazika."

Mama hakubishana tena. Kumuua paka ni mkosi, hapo wote walikubaliana. Basi atiwe guniani, azungushwe mara tatu kwenye njia panda asahau njia ya kurudi. Kwa kuwa alinizoea, nilitumwa mimi. Shangazi alinifuata mpaka mlangoni.

"Nekesa, usimzungushe sana. Atatapika."

Sikumzungusha hata kidogo. Nilimpeleka Soko la Burma kwa mwenye bucha mmoja aliyekuwa akilalamikia panya. Alipofungua gunia, Simba alimpanda aproni mpaka begani.

"Huyu ameshafika kwake," akasema.

Nilirudi nikilia, na kabla sijafika nyumbani kilio kikageuka hofu. Simba akirudi na mtoto akafa, kosa litakuwa langu, kwa sababu sikumzungusha. Sikumwambia mtu. Kila jioni nilisikiliza mlangoni, nikimtamani arudi na nikiomba asirudi. Majuma matatu yalipita hivyo, mpaka mama alipotoka hospitali na habari kwamba ni mvulana na analia kwa nguvu.

Mama Njeri alisema, "Si niliwaambia?" Shangazi aliporudi na mtoto, nilimnong'oneza mahali nilikomwacha Simba.

Sasa nami nimezaa wawili, na siamini kwamba paka huvuta pumzi ya mtu. Lakini namwelewa mama. Mtu aliyezika watoto humbishii habari za paka, unampa usingizi. Namwelewa shangazi pia, ambaye katika hofu yake yote alifikiria tumbo la paka.

Alikaa kwetu mpaka mtoto akafikisha miezi minne. Kila Jumamosi alimfunga mgongoni, akaenda Burma kumpelekea Simba dagaa wa omena.