Kumtafutia Mama Mtaa Jangwani

Baba aliamua kununua nyumba jangwani siku ufunguo ulipomshinda. Tulikuwa tumesimama mbele ya mlango wetu, Malvern, upande wa mashariki wa Toronto, theluji ikitupiga mgongoni. Akaushika ufunguo kwa mikono miwili, haukuzunguka. Mama akamsogeza kwa bega, akafungua. Baada ya chai Baba akaviweka vidole vyake juu ya meza, akavitazama, akasema, "Mwakani Januari hainikuti hapa."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba joto kavu huenda likampunguzia maumivu ya baridi yabisi. Baba aliliacha lile neno "huenda" kulekule kliniki, akarudi nyumbani na mengine yote. Wenzake wawili waliostaafu kiwandani walikuwa tayari wanakwenda Phoenix, jiji la jangwani kusini-magharibi mwa Marekani, kila msimu wa baridi. Miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba za huko zilikuwa zimeshuka bei hata mtu kama Baba akathubutu kuulizia.

"Mama," akaniita mimi bintiye, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "wewe si umesoma jiografia? Tutafutie mtaa."

Nilikuwa na digrii ya jiografia, kazi ya muda ya kupokea simu kwa daktari wa meno, na tabia ya kulifikiria jambo mpaka linaota ukungu. Nikakubali kabla hajamaliza kuuliza.

Baba hakuwa mgumu. Alitaka jua, basi. Mgumu alikuwa Mama, na hakuwa mgumu kwa ubishi. Mama hajui kuendesha gari na hataki kujua. Pale Malvern, kila asubuhi akishamaliza kazi zake, hujitanda mtandio, huvaa koti juu yake, akatoka kwa miguu. Ataenda dukani, au maktaba kuangalia magazeti, au kituo cha basi tu, asimame na wanaosubiri basi, kisha arudi. Theluji haimzuii. Miaka michache nyuma alikwenda Pickering, mji wa jirani, kumsaidia mpwa wake aliyejifungua. Mtaa ule ulikuwa mpya, nyumba kubwa, na hata kununua mkate ulihitaji gari. Aliporudi kwetu alikuwa amepungua, haongei, na kwa wiki kadhaa nilimkuta amesimama dirishani ameshika pazia, ilhali mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa wazi.

Kwa hiyo habari ya Phoenix ilipomfikia hakuikataa. Alisema, "Nitakwenda, maana mikono yako naiona. Lakini msinifungie ndani."

Alimwambia Baba, lakini mimi ndiye niliyekosa raha.

Intaneti wakati huo ilikuwa tayari inakuwezesha kutembea barabara za mji usioujua, picha baada ya picha. Nilikaa karibu na hita, soksi mbili mguuni, nikatembea Phoenix. Niliona nyua zisizo na nyasi hata moja, zimemwagwa kokoto na kuchanwa vizuri kama kichwa cha mtoto anayekwenda shule. Niliona mipungate mirefu kuliko paa. Nikajiuliza maji yanatoka wapi, nikasoma habari za mifereji, nikagundua kwamba baadhi ya mifereji ya leo inafuata njia za mifereji iliyochimbwa na watu wa kale kabisa wa bonde lile. Hilo lilinifurahisha siku nzima. Usiku nikaanza kujiuliza maji hayo yakiisha itakuwaje, na Mama atakuwa na umri gani.

"Baba, kule kuna nge," nilimwambia wakati wa chakula. "Ila ukiwamulika kwa taa maalumu wanang'aa gizani."

"Vizuri. Tutawaona wanapokuja."

"Na kuna dhoruba za vumbi. Jiji zima linafunikwa."

"Mama, hapa tunafunikwa na nini?" Akaonyesha dirisha kwa kijiko. Theluji ilikuwa imefika nusu ya kioo.

Niliichuja mitaa ya Phoenix mpaka ukabaki mmoja. Nilijivunia kazi ile. Ulikuwa mtaa mpya wa pembezoni, una njia za kutembelea kwa miguu, bustani yenye mabenchi, hata ziwa dogo la kuchimbwa. Nyumba zake zilikuwa na madirisha mapana yanayotazama magharibi. Mitaa ya zamani niliifuta mapema kwa sababu nyumba zilikuwa chini ya miti na madirisha yake madogo. Sikuona kwamba nilikuwa napima kwa jicho la Toronto. Kwetu anayetafuta nyumba huuliza kwanza dirisha linatazama wapi, na Februari watu huvuka barabara ili watembee upande wenye jua. Sikuwahi kukutana na mtu aliyelikimbia.

Baba alizipenda zile picha. "Jua tupu!" Mama akavaa miwani, akainama kwenye kompyuta.

"Pazuri," akasema. "Watu wako wapi?"

"Picha zilipigwa mchana, Mama. Watu wako kazini."

"Wote?"

Mwisho wa Aprili tukasafiri kwenda kuuona. Tukiwa tunafunga mizigo, nikamkuta Mama anaviringisha sahani za maua kwenye kanga. Pembeni kulikuwa na kopo kubwa la visheti alivyovikaanga jana yake.

"Mama, tunakwenda siku nne tu. Hoteli ina sahani."

"Hizi si za kulia sisi."

Nikajua. Tulipohamia Malvern nikiwa bado shule ya msingi, kitu cha kwanza alichofanya Mama, kabla ya kutundika pazia, kilikuwa kunituma kwa jirani wa kushoto na sahani ya visheti. Nilikwenda nimeinamisha uso. Nilimwambia yule mama wa Kijamaika kwa Kiingereza cha haraka, "Hii imetoka kwa mama yangu," nikakimbia. Kesho yake sahani ilirudi na samaki wa kukaanga wenye pilipili iliyomtoa Baba machozi. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jirani yule hakuwa ameambiwa, lakini kwao pia ilikuwa hivyo, na sahani zile hazijapumzika mpaka leo.

Dalali alitupokea akiwa na gari lenye ubaridi wa kutosha kugandisha nyama. Mtaa wangu ulikuwa kama kwenye picha, kila kitu mahali pake. Nyumba yenyewe ilikuwa na mwanga mpaka tulikunja macho. Baba alisimama katikati ya sebule, jua limemjaa, anakunja na kukunjua vidole, uso umemng'aa kwa namna niliyoiona mara chache sana. Nami nilisimama karibu na dirisha lile pana nililolichagua kutoka Toronto, nikaweka kiganja kwenye kioo, nikakiondoa upesi. Haikuwa hata kiangazi.

"Wenye nyumba hapa huweka mapazia mazito," dalali akasema kwa uchangamfu. "Wanayafunga mchana."

Mama hakuwa ndani. Nilimwona dirishani, anatembea kwenye ile njia ya miguu, peke yake, mtandio ameuvuta mpaka machoni. Alifika kwenye bustani, akaligusa benchi, hakukaa. Hapakuwa na mti wa kulitia kivuli. Kisha akaja mpaka nyumba ya jirani akiwa na sahani yake imefunikwa kitambaa, akagonga. Nikatoka mbio.

Sauti ya mwanamume ilitoka nyuma ya mlango, kwa Kiingereza na kwa upole: "Hatununui kitu leo, asante!"

Mama akanigeukia. "Amedhani nauza."

"Mama, twende."

"Mimi nauza?" Alianza kucheka. Baba alikuwa ametufikia, na yeye hakucheka.

"Mke wangu, nani anabisha hodi kwa jirani wa nyumba ambayo hajainunua?"

"Sasa ukishanunua, kubisha hodi kutakusaidia nini?"

Baba akaanza kurudi garini. Dalali, ambaye hakuelewa neno, alitabasamu na kutazama saa yake.

Tukirudi, barabara kuu ilikuwa na foleni, dalali akakatiza katikati ya mitaa ya zamani. Nilikuwa nyuma, natazama nje. Niliona jambo ambalo picha hazikunionyesha. Nje ya duka moja, magari yalikuwa yamejazana mwisho kabisa wa uwanja, mbali na mlango, yamebanana chini ya miti michache, na nafasi za karibu na mlango ziko wazi zinaungua. Watu wa kule hawafuati jua. Wananunua kivuli kwa miguu yao. Nikafikiria madirisha yangu yote ya magharibi, nikajisikia vibaya.

"Mwambie asimamishe," Mama akasema ghafla.

Kando ya barabara ile kulikuwa na safu ya miti ya kijani kibichi, minene, vigogo vyake vimepakwa chokaa. Chini yake matunda ya rangi ya chungwa yalikuwa yamelala ovyo, mengine yamepondwa na magari. Mama alishuka, akaokota moja, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa.

"Danzi," akasema, lile chungwa chachu la kwao pwani. Kisha kwa sauti: "Baba wee, njoo! Madanzi! Yamemwagwa chini kama kwa marehemu shangazi!"

Bibi mmoja mzee alikuwa anayafagia, anayatia kwenye toroli ili akayatupe. Alituona, akainua ufagio. "Msiyale hayo," akatuonya kwa Kiingereza. "Ni machachu, hayafai kwa lolote."

Mama anajua Kiingereza cha kutosha anapokitaka. "Hayafai kwa nani?" akamuuliza. "Chumvi, pilipili, jua. Unapata achari." Na kabla sijapata nafasi ya kuona haya, ile sahani iliyokataliwa ilikuwa mikononi mwa yule bibi, naye ameshika kisheti anakitazama pande zote. Akauma. "Hiki kinaitwaje?" Mama akamtajia. Akajaribu kulisema neno hilo, akashindwa, wakacheka wote wawili.

Mtaa ule nilikuwa nimeufuta mwezi Februari. Nyumba zilikuwa fupi, za matofali, zina baraza refu mbele na madirisha madogo. Mama alitembea mpaka kwenye kona na kurudi, kivulini mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kona kulikuwa na duka na kituo cha basi. Dalali, alipoulizwa, akasema kwa mashaka kwamba barabara ya nyuma yake kulikuwa na nyumba inauzwa, ila haikuwa na mwanga.

Tukaingia kuiona. Baba akasimama sebuleni, akajisugua vidole.

"Hili ni pango," akasema.

Usiku ule hotelini walizungumza kwa sauti ya chini, na mimi, upande wa pili wa ukuta, nilisikia kila kitu. Baba alisema amekaa gizani miaka mingi, hakuja jangwani kukaa kizani. Mama alisema kidogo sana. Ukimya wake ndio ulionitisha, ulikuwa ule wa Pickering. Nikawaza kwamba nimewaletea mtaa wa kuwagombanisha, na ule wa pili, kama si foleni, nisingewaletea kabisa.

Asubuhi Mama hakuwepo. Kitanda kimetandikwa, kopo la visheti limepungua, simu yake iko mezani. Baba alikwenda kuuliza mapokezi. Mimi nilikuwa nimeshafikiria jua, magari, nge, na mtu aliyepotea asiyejua jina la hoteli yake. Kijana wa mapokezi akasema mama mmoja mwenye mtandio alimuuliza ni basi gani linakwenda kwenye miti ya machungwa machachu.

Tukachukua teksi. Njia nzima mikono ya Baba ilitulia magotini. Tulipoingia kwenye ile barabara ya midanzi tulimwona kwa mbali. Alikuwa anakuja taratibu kando ya barabara, mkono mmoja mfuko umejaa mpaka unaburuta, mwingine sahani. Alikuwa anasimama, anaangalia uwanja wa mtu, anaendelea. Kuna mtu alimpungia kutoka barazani, naye akainua sahani.

Baba akamwambia dereva asubiri. Hakushuka. Alimtazama tu mpaka akatufikia.

"Mmefuata nini?" Mama akauliza. "Nilikuwa narudi. Basi ni moja tu, halafu unatembea."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sahani. Ilikuwa imeoshwa, inameta, haina kitu.

"Mama, imerudi tupu."

"Kwani nilimwambia yule bibi? Atajifunza." Akaingiza mfuko kwenye teksi. "Na haya nimeokota mwenyewe."

Baba alisogea kidogo ili Mama apate nafasi. Gari likaondoka. Tulikuwa tumeshatoka mtaani alipouliza, akiwa anatazama mbele, "Lile baraza la nyumba ile, asubuhi jua linaingia?"

"Asubuhi linaingia," Mama akasema. "Niliangalia."

"Basi nitakaa barazani."

Novemba wakaondoka kwenda kwenye nyumba ile ya baraza. Nikabaki Malvern na nyumba, na theluji, na sahani ya jirani yetu wa Kijamaika iliyokuwa mezani, imeletwa ikiwa na keki ya tangawizi, na mimi sijui kupika chochote cha kuirudishia. Niliwaza siku tatu. Mwishowe nikaijaza achari ya madanzi ambayo Mama alinitumia kwa mtu, nikapeleka mwenyewe, na safari hii sikukimbia.

Januari, siku ya baridi kali, nikampigia Mama simu asubuhi ya kwao. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita, ikakata. Nikaanza kufikiria jua, magari, nge, kama kawaida. Nikampigia Baba.

"Nipo barazani," akasema. "Mama yako? Sijui, ametoka."

"Amekwenda wapi?"

"Mama, nitajuaje mimi? Ametoka tu."