Picha Isiyo na Maneno

Kazi yangu ni kuwapunguzia watu kazi ya vidole. Niko kwenye ofisi ndogo Kinondoni, tunatengeneza programu za simu, na mimi ndiye ninayepanga kitufe kikae wapi na mtu aulizwe nini kabla hajakibonyeza. Kwa miaka mingi imani yangu ilikuwa moja: usimsumbue mtu kwa maswali. Aguse mara moja, jambo liishe. Nilibishana na wenzangu kuhusu hili hadi mate yakanikauka, na mara nyingi nilishinda kwa sababu nina mdomo. Siku hizi nabishana kidogo, na aliyenipunguza makali ni mama yangu.

Ukoo wetu una grupu kwenye simu, kama koo zote. Asubuhi wadogo wanatoa shikamoo, wakubwa wanaitikia marahaba mmoja mmoja, kisha zinafuata sala, video za mahubiri na tangazo la binamu anayeuza vifaranga. Humo kuna sheria nyingi ambazo hakuna aliyeziandika. Ukijitoa bila kuaga, umeutukana ukoo mzima. Ukisoma usijibu, una kiburi. Na iliyo kubwa kuliko zote: picha ya mtu ikiwekwa peke yake, bila neno lolote, mtu huyo hatunaye tena. Picha ya siku ya kuzaliwa huja na keki na maneno mengi, ya harusi huja na vigelegele. Picha iliyonyamaza ni msiba. Hapa kwetu kila anayeshika simu analijua hili, ila waliotengeneza programu hiyo, huko waliko, nadhani hawajawahi kulisikia. Mtu akibadilisha picha ya grupu, kinatokea kimstari kidogo tu kwamba namba fulani imebadilisha picha. Haulizwi kwa nini.

Jumanne moja, saa nane mchana, nikiwa kwenye kikao, simu yangu ikatetema mezani. Picha ya grupu ilikuwa imebadilika. Alikuwa mama, amekaa wima kwenye kiti, amevaa kitenge chake cha kijani cha Pasaka, nyuma yake pazia la studio lililochorwa mawingu. Hakuna neno hata moja.

Mama ana presha. Anaishi Kimara, na mchana kutwa yuko peke yake kwa kuwa mpangaji wake hurudi jioni. Siku moja kabla alikuwa ameenda kliniki, na alipotoka nilimuuliza wamesemaje, akanijibu kwamba foleni ilikuwa ndefu. Jibu hilo lilikuwa limenikaa rohoni tangu jana.

Kile kimstari kilisema kwamba picha imebadilishwa na namba ya mama mwenyewe. Mgeni angeona hilo linatia moyo. Kwetu ndilo linalokumaliza kabisa, maana msiba hutangazwa kwa simu ya marehemu. Humo ndimo zilimo namba za watu wote. Siku nilipopewa habari ya baba yangu, jina lililoita kwenye simu lilikuwa "Baba".

Baba mdogo akaandika, "Jamani!" Mwingine akaandika, "Siamini." Baada ya hapo pole zikamiminika, na emoji za machozi, na vile viganja vilivyounganishwa. Nikapiga simu ya mama. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikamwandikia neno moja: "Mama?"

Zikatokea tiki mbili za kijivu. Maana yake ujumbe umefika kwenye simu. Kama umesomwa tiki zinageuka bluu, ila za mama hazigeuki, na aliyezizuia ni mimi. Mwaka juzi kina mama wa jumuiya yake walikuwa wanamsema kwamba anasoma na hajibu, presha ikawa inapanda kwa ajili ya tiki, basi nikachukua simu yake nikazima. Nikazima na saa ya mwisho aliyoonekana. Nilijisifu siku ile, nikamwambia, "Sasa hakuna atakayejua kama upo au haupo." Nilisimama kwenye korido ya ofisi nikiziangalia tiki zangu za kijivu, nikatamani kujichapa makofi.

Nikachukua bodaboda. Kufunga kofia kulinishinda, dereva akanifunga.

"Sista, kuna ishu gani?"

"Mama yangu."

"Anaumwa?"

"Sijui. We twende tu, braza."

Hakuuliza tena. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa na malori, na kila tulipopunguza mwendo nilikuwa natoa simu nisome, ingawa kusoma kulikuwa kunanichoma. Watu walikuwa wanamsema mama yangu kwa wakati uliopita. Alikuwa mcheshi. Alikuwa na mkono wa kutoa. Nikajiambia hawa wote wameona picha tu, hakuna anayejua kitu. Lakini kichwani ikawa inazunguka ile methali, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimkasirikia hata aliyeitunga.

Tulipokaribia Ubungo uliingia ujumbe wa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeko Songea. Yeye na mama walikuwa hawaongei tangu msiba wa baba. Waligombana kuhusu azikwe wapi, kule nyumbani au huku Dar alikojenga, na mama akashinda, na shangazi akaondoka kabla ya kaburi kufunikwa. Kwenye grupu walikuwa wanaitikiana salamu za jumla tu. Sasa shangazi alikuwa ameandika mrefu. Niliusoma mara mbili juu ya pikipiki, machozi yakiingia kwenye kofia.

Nilipoingia kwenye kichochoro cha nyumbani nilikuwa natafuta turubai. Halikuwepo. Nikaanza kupumua, kisha nikaona wanawake watatu wa jumuiya wako getini, kanga viunoni, mmoja anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikashika ukuta.

Ndipo mama akatokea nyuma ya nyumba, amebeba beseni la mchicha, mikono ina udongo hadi viwikoni.

"Karibuni," akasema. Kisha akatuona nyuso. Beseni akaliweka chini. "Kuna nini? Nani kafa?"

Mmoja wa wale wanawake akapiga magoti akaanza kusali kwa sauti, na mimi nikamkumbatia mama na udongo wake wote, nikiwa nalia na kumfokea kwa pamoja.

"Simu yako iko wapi, mama? Iko wapi?"

"Ndani, inachaji. We vipi?"

Wageni walipoondoka, tulikaa sebuleni akanieleza. Alipotoka kliniki alipita studio. Kisha mchana huo alikumbuka nilivyomfundisha: gusa hapa, chagua picha, basi. Alitaka picha iwe mahali ambapo haiwezi kupotea hata simu zetu zikiibiwa.

"Picha ya nini, mama?"

"Baba yenu mlimuaga na bega la mtu," akasema. "Sitaki bega la mtu mie."

Nilielewa. Baba alipofariki hatukuwa na picha yake akiwa peke yake, na mimi, fundi wa kompyuta wa familia, ndiye niliyemkata kutoka kwenye picha ya harusi ya jirani. Kwenye fremu iliyotangulia mbele ya jeneza lilibaki bega la mgeni lenye koti la kahawia. Sikujua kama mama aliliona.

"Kliniki wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema nirudi mwisho wa mwezi na mtu."

Alisema hivyo akichambua mchicha, bila kuninyanyulia macho. Unaambiwa urudi na mtu pale ambapo kuna jambo la kusikia. Nilimwambia nitaenda naye. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimeshaandika kwenye grupu kwamba mama ni mzima, tusameheane. Mama akavaa miwani, akataka kusoma alivyoliliwa. Mwanzoni alicheka. Akahesabu ambao hawajaandika, akamtaja mjomba mmoja kwa hasira. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mbona zinapotea?"

Nikaangalia. Watu walikuwa wameona aibu, wakaanza kufuta. Pole moja baada ya nyingine iligeuka mbele ya macho yake kuwa mstari uleule: ujumbe huu umefutwa. Umefutwa. Umefutwa. Programu hii inampa kila mtu ruhusa ya kurudisha maneno yake, na mimi mwenyewe nimewahi kusema kikaoni kwamba hicho ni kitu kizuri.

"Waambie waache," mama akasema. "Sijamaliza." Kidole chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye kioo kwa haraka. "Huyu hapa ni wifi yangu. Na yeye aliandika?"

"Aliandika."

"Aliandika nini?"

Nilimwambia kama nilivyousoma barabarani. Kwamba wakati yeye anaumwa nyumbani kwako, na wewe umetoka kujifungua, ulimpikia uji wa ulezi miezi mitatu, ukimshika kichwa akinywa, na hajawahi kusema asante. Kwamba kaburini aliondoka kwa sababu alishindwa kuvumilia, haikuwa kwa sababu ya kukuchukia wewe. Kwamba kila Jumapili anashika simu akupigie, anairudisha.

Mama alivua miwani akaifuta kwa kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sasa kwa nini amefuta?"

"Kwa sababu uko hai, mama."

Aliweka mkono wake wenye udongo juu ya wangu. Kisha akaniambia nirudie tena, taratibu, kuanzia kwenye uji.