Severina na Njaa Isiyojua Basi

Mdogo wangu Severina alimaliza ugali wa wageni wanne, akakwangua sufuria, kisha akakaa chini kulia njaa.

Siongezi chumvi, jamani. Nilikuwepo pale Lulindi, miaka ile soko huria limeingia na korosho zinanunuliwa na watu binafsi.

Ilianza akiwa unyagoni.

Kwetu mwali hulishwa vizuri huko ndani ili atoke ameng'aa. Severina alitoka amenenepa kuliko wenzake wote. Vigelegele!

"Mwali wangu mmemwona?" Shangazi Regina alitamba. "Huyo ndiye kalishwa!"

Severina alikuwa akilalamika kuumwa kichwa tangu mle ndani. Nani angemsikiliza, na mashavu yale?

Sherehe ikaisha. Kula hakukuisha.

Alikula mabibo, yale matunda ya mkorosho, mpaka tumbo likamkata. Alikunywa uji wa mtoto wa jirani. Mama akawa anaficha vyungu. Watoto wakamwimbia, "Gunia bovu, halijai!"

Shangazi naye akageuka.

"Wifi, mwanao ana jini. Na wewe Optatus, masomo yako ya jioni huko Newala hayamtoi!"

Kweli, nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu, ndiyo kwanza nasoma. Nilichokuwa nacho ni sala. Nikafunga kwa ajili yake. Jioni nikafungua, matonge machache tu, nikatosheka.

Yeye ananitazama.

"Kaka, unajuaje kwamba basi?"

Nikamsogezea sahani yangu.

Macho yake yalipoanza kufifia, tukampeleka hospitali. Wakatuelekeza Dar.

"Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo kama korosho," daktari alitueleza. "Tumbo likijaa, habari hufika pale, ndipo mtu anahisi ameshiba. Kwake uvimbe umepaharibu."

"Si ulafi?"

"Hapana."

"Wala jini?"

"Ni uvimbe, bwana. Tukiutoa tutaokoa macho. Ile njaa sina dawa yake."

Mama akauliza taratibu, "Yaani mwanangu hajashiba tangu unyagoni?"

Daktari akainamisha kichwa.

Kumbe siku ile tunampigia vigelegele, mtoto alikuwa na njaa.

Walimpasua. Macho yakapona. Njaa ikabaki.

Tuliporudi, Shangazi alitupikia mwenyewe, ugali wa muhogo na kisamvu. Severina alikula, akala, halafu mkono ukasimama juu ya sinia.

"Kaka, nimeshiba?"

Nikamtazama. Uso wote ulikuwa njaa tupu.

"Umeshiba, mdogo wangu."

Akanawa.

Shangazi akatoka nje, kanga mdomoni.

Bado namwombea. Sijajibiwa.

Ndugu yangu, leo ukisukuma sahani na kusema basi, mshukuru Mungu kwa neno hilo pia, si kwa chakula peke yake. Na asiyeweza kulisema usimcheke. Huenda anangoja mtu wa kumwambia.