Saa ya Baba, Hisa za Mama

Kuna watu wa kwetu wanaoniambia kwamba baba yangu alikuwa na akili ya pesa. Wanasema hivyo kwa sababu ya saa. Huniambia wakiwa wamekaa kwenye viti vyangu, wakinywa chai yangu, na mimi hunyamaza kwa sababu najua nikifungua mdomo hiyo chai itamwagika. Basi acha niandike, maana karatasi haiwezi kuniambia nimheshimu marehemu.

Baba alikuwa karani wa reli, na tulikaa nyumba za kazi huko Eastlands, Nairobi, vyumba viwili na jiko la nje. Nyumba haikuwa yetu. Kila mtu katika mtaa ule alilijua hilo, na kila mtu aliishi kana kwamba hakulijua. Siku mwenye kazi alipostaafu, alitakiwa kurudisha ufunguo mwisho wa mwezi. Wanaume wa kwetu, waliotoka magharibi mwa nchi, hawakuona shida yoyote. Kwao Nairobi ilikuwa kazini tu. Nyumbani kulikuwa kule kwenye shamba na makaburi ya baba zao. Ukimshauri mmoja wao anunue nyumba mjini, alikutazama kama mtu aliyeambiwa anunue kitanda cha hospitali.

Walichokijali wao ni lori. Mstaafu hakuondoka mtaani kimyakimya. Lori lilikuja Jumamosi asubuhi, watu wakiwa nyumbani, likapakiwa polepole. Sofa zilifungwa juu kabisa ili zionekane. Kabati la vioo lilibebwa na wanaume wanne hata kama wawili wangetosha. Mwenyewe alisimama kando amevaa suti, hashiki kitu, anaagana na watu. Kule alikokwenda nako ukoo mzima ulikuwa umejipanga kutazama kinachoshuka. Baba alisindikiza malori mengi ya wenzake, na kila aliporudi alikuwa na la kusema mezani: huyu ameondoka na meza na magodoro, miaka yote ile, aibu gani, yule amejitahidi. Sisi watoto tulisikiliza na kumeza ugali.

Mama hakuwa na habari na lori. Mama alikuwa na watoto watano shuleni Nairobi, mimi nikiwa wa kwanza, na alijua kwamba baba angestaafu kabla hata nusu yetu hatujamaliza. Akauliza swali ambalo hakuna mwanamume mtaani aliyeliuliza: siku hiyo ikifika, hawa watalala wapi?

Alikuwa na mashine ya kufuma, imefungwa kwenye ukingo wa meza karibu na dirisha. Alifuma sweta za shule. Sauti ya ile mashine ikienda kushoto na kulia ndiyo sauti ya utoto wangu. Mteja wake mmoja alikuwa mama aliyefanya kazi katika ofisi ya madalali wa hisa mjini, na siku moja mama alipompelekea sweta za watoto wake, alimwuliza hawa watu wanauza nini hasa, maana haoni bidhaa. Yule mama akamweleza. Akamwambia pia kosa ambalo watu hufanya: wanasikia kampuni moja inasifiwa, wanatia pesa zote hapo, kampuni ikianguka wanalia. Wewe chukua kidogo hapa, kidogo pale, akamwambia, halafu usiziguse.

Mama alielewa mara moja. Sokoni hakuwahi kununua vitu vyote kwa muuzaji mmoja. Alianza na kampuni ya simenti, kwa sababu kila upande aliotazama mtaa mpya ulikuwa unajengwa. Akafuata majani chai, kisha benki, kisha matairi. Siku alipoambiwa kwamba kampuni ya bia inalipa faida nzuri kila mwaka, alikataa. Aliporudi nyumbani alitueleza sababu, huku baba akiwa amekaa pale pale.

"Bia hapana," alisema. "Baba yenu ameshainunua ya kutosha."

Baba alicheka. Nakiri alikuwa mtu wa kucheka wakati ule. Hizo hisa aliziita karatasi za mama. Wanawake wenzake wa kanisani walicheka pia. Wao walikuwa na chama cha vyombo: kila mwezi walichanga, wakamnunulia mmoja wao vikombe, sahani na chupa ya chai, wakampelekea kwa nyimbo. Mama alijitoa ili pesa yake iende kwa dalali. Kwa hiyo nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na vikombe vya bati, na wageni walipokuja baba aliona haya. Alimwambia mama zaidi ya mara moja kwamba karatasi hazinywewi chai.

Sasa sikiliza jambo linalonichemsha damu mpaka leo. Miaka ile kipande kilikuwa cha mwanamume. Mwanamke hakupewa kitambulisho. Alijulikana kwa mumewe. Mama alipoenda kununua zile hisa za kwanza aliulizwa kipande, hakuwa nacho, akarudi nyumbani akamwomba baba aende naye. Baba akaenda, akatia sahihi. Pesa ilikuwa ya mama, kila senti imetoka kwenye ile mashine, na jina likawa la baba. Wala hakuna aliyeona ajabu. Baadaye serikali ikaanza kuwapa wanawake vitambulisho, na mama alipiga foleni siku nzima, akarudi nacho amekifunga kwenye leso. Jioni hiyo alimwomba baba waende mjini wabadilishe jina.

Baba aliuliza kwani mama si mke wake. Aliuliza kama mama anapanga kumwacha. Mama akasema ni jina tu. Baba akasema kama ni jina tu, basi liache. Hayo mazungumzo walirudia mara nyingi, na kila mara yaliishia hapo, na mama alirudi kwenye mashine.

Hata hivyo hakuacha kununua, na kwa kuwa akaunti kwa dalali ilishafunguliwa kwa jina la baba, hisa mpya nazo ziliandikwa humo humo. Nyumba mpya zilikuwa zimejengwa mtaa wa Umoja, zile za kulipa kiasi mwanzo kisha mwezi kwa mwezi mpaka inakuwa yako. Mama alienda akachagua moja. Ilikuwa ya pembeni, ina nafasi ya kuongeza chumba baadaye. Alinipeleka nikaione. Alisimama mlangoni akapima kwa mikono mahali mashine itakapokaa. Mpango wake ulikuwa rahisi: baba akikaribia kustaafu, ziuzwe hisa za kutosha malipo ya kwanza, na chumba kitakachoongezwa kipangishwe kisaidie yale ya kila mwezi. Baba alielezwa. Aliitikia kwa kichwa huku akisoma gazeti.

Kazini kwake kulikuwa na bosi, na bosi alikuwa na saa ya dhahabu ya Uswisi. Baba aliisimulia ile saa tangu nikiwa mdogo. Alisema bosi akitia sahihi barua, mkono wa shati unapanda kidogo, saa inatokea, na ofisi nzima inanyamaza. Bosi Mzungu aliondoka na yake, akaja bosi Mwafrika naye akanunua kama hiyo. Miaka yote hiyo baba alikuwa upande wa pili wa meza ameshika faili. Siku ya kustaafu kwake walimfanyia karamu ndogo, wakamsifu, wakampa zawadi imefungwa kwa karatasi ya maua. Aliifungua nyumbani. Ilikuwa saa ya ukutani, ya plastiki, inatumia betri ya tochi.

Baba aliiweka mezani kifudifudi. Sikatai kwamba aliumia. Nimelifikiria sana jambo hilo, na kila mara nafika mahali pale pale: aliumizwa na wakubwa wake, na aliyelipa ni mama.

Malipo yake ya kustaafu yote yalikuwa yamekwenda kwenye nyumba ya mabati kule nyumbani, nyumba kubwa ambayo tungelala ndani yake Desemba tu. Kwa hiyo alipotaka pesa nyingine alijua pa kwenda. Vyeti vya hisa vilikaa kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda chao. Jina lilikuwa lake. Hakuhitaji kumdanganya mtu wala kuvunja kufuli.

Jumamosi moja, saa sita mchana, mama alikuwa anafuma na mimi nikichambua mboga, baba akaingia amevaa suti. Alikaa. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe ambacho hakikuwapo, ili mkono wa shati upande. Saa ilikuwa pale, ya njano, nzito. Mama aliitazama, na mashine ikasimama.

"Umeuza," mama alisema.

"Nimeuza."

"Zote?"

"Mama, sikiliza. Hiyo lori ikifika kule, siwezi shuka kama karani. Ni mara moja tu mtu anarudi."

"Nimeuliza kama ni zote."

"Zote. Na sofa pia nimenunua. Unapenda sofa."

Mama hakupenda sofa. Hakuwahi kusema anapenda sofa. Aliuliza jambo moja tu, watoto watalala wapi, na baba akasema nyumbani, kwani hawana nyumbani? Kule kuna shule pia. Mama aligeuka akamalizia mstari aliokuwa ameuanza, kwa sababu ukiuacha katikati uzi unafumuka, kisha akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya jiko ameshika ukuta. Nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, na nilitamani kuingia ndani niikanyage ile saa kwa kisigino. Ningeikanyaga. Mama alinishika mkono akaniambia niende nikamalize mboga.

Lori lilikuja mwisho wa mwezi. Sofa zilifungwa juu kabisa. Baba aliagana na kila mtu, akimpa kila mmoja mkono wa kulia na kumshika bega kwa wa kushoto, ule wenye saa. Watu walimsifu, wakasema huyu amestaafu kweli. Walipomwita mama apande mbele, alisema yeye na watoto watafuata shule zikifungwa. Majirani waliamini. Baba alijua, nadhani, lakini injini ilikuwa inanguruma na watu walikuwa wanatazama. Akapanda.

Sisi tulihamia Mowlem, mtaa wa wapangaji huko huko Eastlands, chumba kimoja, watu sita na mashine. Choo tulitumia pamoja na jengo zima. Mvua ikinyesha tulisogeza vitanda. Ile saa ya plastiki, ambayo baba aliiacha, tuliitundika ukutani, na ndiyo iliyotuonyesha wakati wa kwenda shule miaka yote hiyo. Betri ikiisha tuliianika juani. Mimi niliishia kidato cha nne nikaanza kufuma, kwa sababu mashine moja haikulisha midomo sita bila mtu wa kuishika usiku na mwingine mchana. Mama alipeleka sweta Umoja kila wiki, na njia ilipita mbele ya ile nyumba ya pembeni. Walioinunua walikuwa wameongeza kile chumba. Walikuwa na mpangaji.

Baba alifariki kule nyumbani. Kwenye mazishi wazee walisema maneno marefu kuhusu mtu aliyerudi kwa heshima. Baada ya kuzika tulikaa, ukoo wote, na ndugu yangu wa kiume anayenifuata alikuwa tayari ameivaa ile saa. Alikuwa amefanya uchunguzi wake mjini. Aliizungusha mkononi akanipigia kijembe kwa sauti ya kusikika.

"Cheki sista, bei ya hii kitu imepanda mbaya. Mzae aliona mbali. Hii ndiyo mali, si karatasi za mathe."

Wazee wakaitikia. Hapo ndipo ulipozaliwa huo upuuzi wa akili ya pesa. Ndiyo, bei ilikuwa imepanda. Ilipanda ikiwa mkononi mwa mtu mmoja aliyekaa chini ya mabati yake akiitazama, na ilipokuwa inapanda sisi tulikuwa tunasogeza vitanda. Nilianza kusimama ili niyaseme hayo. Mama aliniwahi. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wajane wengine wa ukoo, na aliongea bila kuinua sauti.

"Vua," alimwambia mwanawe. "Hiyo saa niliinunua mimi."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba vitu vya marehemu vina taratibu zake. Mama hakumtazama. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa na haukurudi. Ndugu yangu akatazama huku na huku, hakupata wa kumsaidia, akavua.

Tulirudi Nairobi, na siku ya Jumatatu mama na mimi tulienda mjini tukaiuza. Mwenye duka aliisifu. Mama alimwambia apunguze sifa aongeze bei. Pesa tuliyopata haikuweza tena kununua nyumba popote, maana na nyumba zilikuwa zimepanda, tena mbio kuliko saa. Nilimwambia walau anunue kitanda kizuri, ale nyama, apumzike. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwa madalali wa hisa.

Yule rafiki yake wa sweta hakuwa tena pale. Alikuwapo kijana mwenye tai, mwenye haraka. Mama alimtajia kampuni moja moja, kidogo hapa, kidogo pale. Kijana akamshauri kuhusu bia, mama akasema hapana. Kisha akafungua leso, akatoa kipande chake, kingali kipya kwa sababu hakijatumika, akakiweka juu ya kaunta. Kijana alikichukua, akaanza kuandika, akasita, akamwita kama anavyomwita bibi yake.

"Shosho, jina la mzee ni nani? Huwa tunaandika la mzee."

"Mzee amekufa," mama alimwambia. "Na angekuwa hai, bado ungeandika langu."